Neno "mtaji" limetoka wapi, na tunahesabu nini tunaposema "nina mtaji"?

#1 Daftari Jekundu
Wakuu, habari za asubuhi.

Hapa Kariakoo siku haiishi bila neno hili. Mtaji umekata. Fulani amekula mtaji. Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Muuza karanga analitumia, na Benki Kuu inalitumia. Sasa maneno mengi ya biashara asili yake iko wazi. Duka ni *dukkan* ya Waarabu. Faida, hasara, riba, rehani na hisa yote ni ya Kiarabu. Hundi na bima yametoka Bara Hindi. Mtaji je?

Dai langu: mtaji ni "tajiri" iliyokatwa mkia. *Tajir* kwa Kiarabu ni mfanyabiashara, wala si lazima awe na fedha nyingi. Kwetu maana hiyo ya zamani haijafa, maana dereva wa daladala mpaka leo anamwita mwenye gari "tajiri", hata kama gari lenyewe ni la mkopo. Basi kitu anachofanyia kazi tajiri ndiyo mtaji. Pingeni, lakini kwa hoja.

Swali la pili, na hili ndilo linaloleta ugomvi dukani: mtaji ni fedha yote uliyotoa mfukoni, au ni ile tu iliyoingia kwenye mzigo?

#2 Mtoto wa Tandamti
Nakaa mstari wa mbele. Mada mbili kwenye uzi mmoja, huu utatembea.

#3 Ustadhi wa Mnazini
Asalaam aleikum. Kabla ya mtaji kuna neno ambalo Waswahili wa pwani walilitumia kwa maana hiyohiyo, nalo ni rasilimali. Ni *ra's al-mal*: *ra's* ni kichwa, *mal* ni mali. Kichwa cha mali. Limo ndani ya Qur'an, Surat al-Baqara aya ya 279, kwa sura ya wingi, *ru'usu amwalikum*, pale wanapoambiwa walioacha riba kwamba haki yao ni kurudishiwa vichwa vya mali zao, bila nyongeza.

Waajemi nao wana *sarmaya*, na *sar* kwao ni kichwa. Waturuki wameichukua wakasema *sermaye*. Walatini walisema *caput*, kichwa, na humo ndimo Waingereza walimopata *capital*. Watu wengi mno wamekiona kichwa kwenye jambo hili.

Siku hizi rasilimali tumeipeleka kwenye misitu, madini na "rasilimali watu", nafasi yake ikakaliwa na mtaji. Kwa hiyo mleta uzi, swali lako liongezee hili: kwa nini neno lililokuwa na kazi lilihamishwa likaletwa jingine?

#4 Ngeli na Viambishi
Daftari Jekundu, hoja ya #1 ina matatizo mawili.

La kwanza ni mkia. Maneno ya Kiarabu yanayoishia na *r* yakija kwetu hupewa irabu, hayakatwi: waziri, amiri, fakiri, tayari, bahari. Hatuna "wazi" wa serikali wala "baha" ya Hindi. Unapodai kwamba tajiri peke yake ndilo lililokatwa, toa sababu.

La pili ni ngeli. Tajiri/matajiri ni mtu. Mtaji/mitaji imo pamoja na mkopo/mikopo, mchezo/michezo. Ngeli hiyo imepokea maneno kadhaa ya Kiarabu yaliyoanza na *mu-*. Mshahara ni *mushahara*, kutokana na *shahr*, mwezi. Msaada ni *musa'ada*. Tukitafuta asili ya Kiarabu basi tutafute neno lenye *mu-* mwanzoni na *taj* baada yake. Ninalo moja akilini lakini silipendi.

#5 Mama Genge
Mwanangu Ngeli, usilolipenda nitalitaja mimi: *muhtaj*, mhitaji. Kuhitaji, mahitaji, mtaji. Genge halifunguki bila mahitaji: meza, turubai, mizani, nyanya, vitunguu, na chenji ya asubuhi. Ukimuuliza mtu "unahitaji nini uanze?" atakutajia mtaji.

#6 Ngeli na Viambishi
Shikamoo mama. Maana inakaa vizuri, sauti ndiyo inayonizuia. Kiswahili hakiitupi hiyo *h* ikiwa katikati ya neno la namna hii. *Muhtaram* imebaki muhtaramu. Muhtasari, ambayo kwa Kiarabu ni *kh*, nayo imebaki na *h* yake. Na kuhitaji lenyewe tunalo hadi leo, *h* iko palepale. Halafu mhitaji ni mtu mwenye shida, wakati mtaji ni kitu cha kuondolea shida. Neno kugeuka likawa kinyume chake huwa inatokea, ila linahitaji ushahidi.

#7 Mtoto wa Tandamti
Na "kutaja" je? Mwenye fedha ndiye anayetaja bei. Pale Feri kwenye mnada wa samaki asiye na fedha hatamki kitu. Anayetaja ni mtaji.

#8 Ngeli na Viambishi
Angekuwa mtaji/wataji, mdogo wangu. Ngeli ileile inakurudisha.

#9 Kete Sitini na Nne
Nimesoma mpaka hapa, na hakuna aliyelitaja bao! Wazee wa barazani wangewashangaa.

Mtaji ni neno la bao la Kiswahili, na humo lina maana kali isiyoyumba. Bao lina mistari minne ya mashimo manane, kete 64, kila mchezaji 32. Mnaanza na kete 10 ubaoni kila mmoja: sita kwenye nyumba (shimo lako kuu la mstari wa mbele), mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Zile 22 ziko mkononi, mnazinamua, yaani kuziingiza ubaoni, mojamoja. Zikiisha mkononi mnaingia hatua ya pili, na jina la hatua hiyo ni mtaji.

Angalieni maana yake. Mtaji ni mchezo unaokula. Unachukua kete za shimo lenye angalau mbili, unazisambaza, na ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, unamla. Kete ulizokula zinaanzia kichwa, lile shimo la mwisho pembeni, kisha mchezo unaendelea. Shimo lenye kete zaidi ya 15 halikupi mtaji, ni zito mno. Ukikagua ubao wote usione pa kulia, unaambiwa *huna mtaji*, na lazima utakase: unasogeza kete zako tu, huli kitu.

Hapo ndipo penye utamu. Unaweza kuwa na kete 40 ubaoni na huna mtaji. Mwenzako ana 24 na mtaji anao. Mtaji si wingi wa kete, ni kete zilizokaa mahali zinapoweza kuleta nyingine. Nani aliwapa wafanyabiashara neno hili kama si wacheza bao?

#10 Daftari Jekundu
Mkuu Kete, hii nimeisoma mara mbili. Asante sana.

#11 Ustadhi wa Mnazini
Na kichwa umekiona mwenyewe, #9. Mali iliyoliwa inaanzia kichwani. Rasilimali hiyo!

#12 Ngeli na Viambishi
Ustadhi, taratibu. Kichwa cha bao ni mwisho wa mstari, kama tusemavyo kichwa cha treni. Si ushahidi wa *ra's al-mal*.

Kete, maelezo yako ya mchezo ni sahihi, ila hayajibu nani alianza. Barazani wamekaa wafanyabiashara vilevile. Mtu anaweza kuwa aliangalia kete zinazokula akasema "huu ndio mtaji wangu" kwa kulitoa neno sokoni na kulipeleka ubaoni, mfano wa nyumba. Au kinyume chake. Bao limejaa maneno yaliyoazimwa: nyumba, kichwa, kula, kutakasa. Mchezo wenye tabia ya kuazima hivyo, ni ajabu neno hili moja tu uwe ndio ulioazimisha.

#13 Kete Sitini na Nne
Hoja nzito, naikubali nusu. Nusu ya pili siikubali kwa sababu mtaji wa bao una kinyume chake, kutakasa. Neno lenye jozi limeota mizizi pale lilipo. Mtaji wa dukani kinyume chake ni nini? Deni? Hasara? Hakuna jozi.

#14 Fremu Namba Tisa
Wataalamu wa lugha endeleeni. Mimi nijibu swali la pili la mleta uzi, maana ndilo linalofunga maduka ya watu.

Mtu anakuja na milioni 6 anasema "mtaji wangu milioni 6". Tuzigawe. Kodi ya fremu miezi sita kwa 300,000 ni 1,800,000, na inalipwa mbele. Dalali anachukua mwezi mmoja, 300,000. Shelfu, taa, rangi, kufuli na kurekebisha geti, tuseme 700,000. Leseni na makaratasi mengine, tuseme 200,000. Jumla milioni 3 imeondoka na hujanunua hata pipi. Iliyobaki kwa mzigo ni milioni 3. Kwetu sokoni hiyo ndiyo mtaji, ile nyingine ni *gharama za kufungua*.

Sasa mzigo wa milioni 3, umeongeza asilimia 15, ukiisha umeuza 3,450,000. Ukizunguka mara mbili kwa mwezi umepata 900,000. Toa kodi ya mwezi 300,000, kijana wa dukani 200,000, umeme, nauli na mifuko 100,000. Imebaki 300,000. Lakini mwenye duka anatoa droo 15,000 kila jioni ya nyumbani, na hiyo kwa mwezi ni 450,000. Anakula 150,000 ya mtaji kila mwezi na hajui, kwa sababu droo haijawahi kuwa tupu.

Baada ya miezi sita ameshakula 900,000. Kodi ya miezi sita mingine ikilipwa, mzigo uliokuwa milioni 3 unabaki 2,100,000. Mteja anaingia, anauliza saizi, haipo. Anauliza rangi, haipo. Hapo ndipo watu wanaposema "mtaji umekata". Haukukata siku hiyo, ulikuwa ukikatika 5,000 kila siku.

#15 Mhasibu wa Ilala
Fremu, hesabu imenyooka. Marekebisho mawili.

Ukiongeza asilimia 15 juu ya bei ya kununulia, faida yako si asilimia 15 ya mauzo. Ni 450,000 kugawa kwa 3,450,000, yaani asilimia 13 na chembe. Watu wengi wanachukua mauzo ya siku, wanakata asilimia 15, wanaiita faida wanakula. Kwa mauzo ya 3,450,000 watakata 517,500 wakati faida ni 450,000. Zile 67,500 ni mtaji umeliwa kwa kosa la kikokotoo tu.

La pili, umeweka mauzo ya mwezi kuwa yaleyale miezi yote sita. Mzigo ukipungua na faida inapungua, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko ulivyoandika.

Kuhusu maana, kihasibu siwezi kukubali kwamba kodi ya fremu na shelfu si mtaji. Mtaji ni alichokileta mwenye biashara, wote milioni 6. Upande mmoja unaandika ulikotoka, upande wa pili unaandika uko wapi: mzigo, shelfu, kodi iliyolipwa mbele, fedha mkononi. Kodi ya mbele inayeyuka 300,000 kila mwezi, shelfu zinachakaa polepole, mzigo unazunguka. Kile Fremu anachokiita mtaji sisi tunakiita *mtaji wa mzunguko*, au *mtaji wa uendeshaji*.

#16 Fremu Namba Tisa
Asante kwa asilimia 13, ni kweli kabisa. Ila muuzaji wa mtaa wa Kongo ukimwambia shelfu ni mtaji atakuuliza: naweza kumuuzia mteja?

#17 Kete Sitini na Nne
Shelfu ni kete zilizoko nyuma. Zako, lakini hazili.

#18 Mwana Feri
Habari wakuu. Niongeze mtaji wa siku moja, maana mitaji ya Dar mingi ni ya namna hiyo.

Mchuuzi wa samaki wa kukaanga ana 60,000 alfajiri. Tuseme samaki 42,000, mafuta 10,000, mkaa 3,000, chumvi na ndimu 1,000, usafiri 4,000. Jioni ameuza 78,000. Utaratibu wa wanaojua kazi ni huu: 60,000 inafungwa kwenye kitambaa *kabla* ya kununua unga wa nyumbani, na ile 18,000 ndiyo inayoguswa. Akianza na unga, kesho anaingia mnadani na 52,000 na ananunua samaki wadogo. Wateja wanawaona, wanahamia meza ya pili.

Mafuta yaliyobaki kwenye karai ni mtaji, yatakaanga na kesho. Mkaa ulioungua si mtaji tena. Na samaki aliyebaki bila barafu mtaji wake unakufa usiku uleule. Ndiyo maana kila mtaji una umri wake: wa samaki ni saa, wa nyanya siku tatu nne mpaka zianze kutoa maji, wa nguo miezi, wa misumari miaka. Misumari haiozi lakini inalala. Mtaji uliolala na mtaji uliooza, jioni ukitaka kula, vyote viwili havikusaidii.

#19 Mama Genge
Hapo umesema kweli tupu. Tenga la nyanya linanunuliwa kwa jicho la juu, chini yake kuna nyingine. Mwaga zote, chambua, panga mafungu ya leo (zilizoiva sana) na ya kesho kutwa. Asiyechambua anauza nzuri kwanza, kisha anakaa na mtaji wa kumwaga.

#20 Kijana wa Bohari
Na mali kauli mnaiweka wapi? Mtu hana hata mia, anachukua mzigo kwa neno lake, anauza, analeta fedha jioni au baada ya siku saba. Mtaji wa nani huo?

#21 Fremu Namba Tisa
Wa mwenye bohari, na ndiyo maana masharti ni yake. Yawekwe wazi mapema na yaandikwe kwenye daftari la pande zote mbili: idadi, bei ya kila kimoja, siku ya kulipa, na kama kilichobaki kinarudi. Mabishano mengi yanatokea kwenye kurudisha. Boksi limechanika, nailoni imefunguliwa, au bei ya jumla imeshuka katikati na mwenye bohari hataki kuupokea mzigo kwa bei ya juu. Na bei ya mali kauli huwa juu kidogo ya bei ya taslimu. Hiyo tofauti ndiyo unayolipia kutokuwa na mtaji.

#22 Ustadhi wa Mnazini
Jina lenyewe ni zuri: mali ni Kiarabu, kauli ni Kiarabu (*qawl*), lakini walioyafunga pamoja kwa maana hii ni Waswahili.

Na utaratibu wenyewe una umri. Misafara ya bara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo kwa mali ya kukopeshwa. Tippu Tip alipewa bidhaa na mfanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan: nguo za merikani, kaniki, shanga. Deni lililipwa kwa pembe za ndovu msafara ukirudi. Kwa hiyo neno mtaji lilipokuwa linatumika kwenye msafara, hakuna aliyefikiria noti. Ni majora ya nguo.

#23 Ngeli na Viambishi
Ustadhi, habari ya Taria Topan ni sawa. Lakini kwamba wasafiri wale walisema "mtaji" hujaionyesha. Huenda walisema mali tu.

#24 Mjamaa wa Zamani
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mnasahau siasa ilivyoligawa neno. Azimio la Arusha la 1967 liliweka mambo manne ya kuendelea: watu, ardhi, siasa safi, uongozi bora. Mtaji haumo kwenye orodha, na fedha ilikataliwa kwa maneno mengi kuwa msingi wa maendeleo. Na mfumo wa wenye mitaji hatukuuita "umtaji", tuliuita ubepari. Bepari ni neno la Wagujarati la mfanyabiashara, mtu wa kawaida wa dukani. Kwetu likageuzwa likawa tusi, pamoja na kabaila na mnyonyaji. Mtaji ukabaki msafi. Angalieni basi: mwenye duka alichafuka, kilichomo dukani hakikuchafuka.

#25 Daftari Jekundu
Mzee, hili sikuwa nimelifikiria. Labda ndilo jibu la swali la Ustadhi kwenye #3? Neno lisilo na uadui ndilo lililopanda.

#26 Mhasibu wa Ilala
Lilipanda mpaka sheriani. Chombo kinachosimamia hisa na hati fungani kinaitwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, sheria yake ni ya 1994. Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara 15 Aprili 1998. Kwenye lugha hiyo rasilimali imebaki na kazi yake nyingine: kwenye mizania *rasilimali* ni vyote unavyomiliki, *dhima* ni unavyodaiwa, na tofauti yake ndiyo mtaji wako. Kwa hiyo Ustadhi, neno halikuhamishwa kabisa. Limekaa upande wa pili wa mstari.

Wengi hukosea kwenye benki. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa upungufu wa mtaji, watu wakauliza: si zina fedha za wateja? Fedha ya mteja ni deni la benki. Mtaji ni ya wenye benki, ndiyo inayopokea hasara kabla hasara haijamfikia mwenye akiba.

#27 Kijana wa Bohari
Mkuu Mhasibu, vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000 vile vya Desemba 2018, vilikuwa vya wenye mtaji chini ya milioni 4, siyo?

#28 Mhasibu wa Ilala
Hapana. Yalikuwa *mauzo ghafi* yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, na hapa ndipo watu walipochanganya. Muuza karanga mwenye mtaji wa 30,000 tu, akiuzungusha kila siku ukawa 40,000, kwa siku 300 ameuza milioni 12. Mtaji 30,000, mauzo milioni 12. Mwingine ana makochi ya milioni 10 ndani, anauza seti moja kwa miezi miwili. Ukiulizwa mtaji usijibu mauzo, ukiulizwa mauzo usijibu mtaji.

#29 Kete Sitini na Nne
Kete mbili zinazozunguka ubao mzima.

#30 Mwana Feri
Tusipite bila kausha damu, ile mikopo ya kurudisha kila siku, ndiyo inayokula mitaji ya akina mama wengi. Tuseme umepewa 200,000, unarudisha 8,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 240,000. Mkopeshaji anasema riba asilimia 20.

#31 Mhasibu wa Ilala
Ni kubwa kuliko hiyo. Kwa kuwa unarudisha kila siku, hukai na 200,000 mwezi mzima. Kwa wastani unakaa na kama 100,000, na umelipia 40,000. Kwa hesabu ya fedha uliyoishika kweli, ni karibu asilimia 40 kwa mwezi. Kipimo cha haraka: faida yako ya siku, *baada* ya kula nyumbani, inafika 8,000? Ikiwa 5,000, basi 3,000 kila siku inatoka kwenye mtaji, na mwisho wa mwezi 90,000 imekwenda. Hapo mtu anachukua wa pili kulipa wa kwanza.

#32 Mama Genge
Mchezo wa kupeana fedha kwa zamu wa wanawake kumi, 5,000 kila siku kwa kila mmoja, unatoa 50,000 bila riba. Unasubiri zamu, lakini mtaji unabaki wako.

#33 Fremu Namba Tisa
Na jambo moja lisilotajwa: *bei ya kurudishia*. Katoni umenunua 48,000, umeuza 52,000, umefurahia 4,000. Unarudi bohari, imekuwa 53,000. Ulikuwa na katoni 10, umeuza zote, una 520,000. Unapata katoni 9 na chenji 43,000. Kwa fedha umepata faida, kwa katoni umerudi nyuma, na ile 40,000 ukiila unabaki na katoni 9 na chenji 3,000 tu. Wanaouza vitu vya kutoka China wanalijua hili kila dola ikipanda. Kabla hujapanga bei, piga simu bohari uulize ya leo, usisome risiti ya mwezi uliopita.

#34 Mhasibu wa Ilala
Vitabu vitasema faida 40,000 na kodi italipwa juu yake. Lakini sokoni Fremu yuko sahihi, mtaji wa mchuuzi unapimwa kwa mzigo.

#35 Mtoto wa Tandamti
Narudi na asili. "Taji"! Taji linavaliwa kichwani, Ustadhi kasema kichwa cha mali, basi m-taji.

#36 Ngeli na Viambishi
Umejitahidi, hiyo ni nzuri kuliko ya kutaja bei. Ila *taj* ya mfalme imeingia kwetu ikiwa taji/mataji na haikuhitaji *m-*. Na mtu angepitaje kutoka kichwa hadi kofia ya mfalme hadi fedha ya nyanya, wakati neno la kichwa cha mali lilikuwepo tayari?

#37 Mpwa wa Kilwa
Ngeli, umepinga tajiri, hitaji, taja, taji, na nusu ya bao. Wewe unasimama wapi?

#38 Ngeli na Viambishi
Swali la haki. Katika zote, bao ndilo lenye hoja nisiyoweza kuivunja: ile jozi ya mtaji na kutakasa. Tajiri ina maana nzuri na sauti mbaya, mhitaji vilevile. Naelemea bao, lakini sijashawishika kuhusu upande wa safari, nani alimpa nani.

#39 Daftari Jekundu
Mimi bado niko na tajiri. Lugha haikati mikia kwa kanuni siku zote, na watu wa sokoni wanafupisha kila kitu.

#40 Kijana wa Bohari
Kete, nina swali la kujifunza. Mtu akiwa mgeni kabisa wa bao anaanza na hizo 22 za mkononi?

#41 Kete Sitini na Nne
Hapana, anaanza na *bao la kujifunza*. Weka kete mbili mbili kwenye mashimo yote 16 ya upande wako, zinatimia 32, mkononi hakuna kitu. Hakuna kunamua, mnaingia moja kwa moja kwenye mtaji. Kabla ya kugusa shimo lolote hesabu kete ya mwisho itaangukia wapi, kisha angalia shimo la mwenzako linalolikabili. Tumia komwe, kokoto zinateleza na hesabu inavurugika. Jumamosi alasiri wazee wanakaa chini ya mwembe kule Magomeni. Njoo na Ngeli, aje aulize mwenyewe nani alimpa nani.

#42 Ngeli na Viambishi
Nakuja. Na Daftari Jekundu aje na tajiri yake.